HAKI YA MJA MZITO KATIKA CHAKULA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa tone la maji, akamlea tumboni mwa mama yake ndani ya giza, akamfikishia riziki yake pasi na kuomba. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, maneno ya leo si ya mas-ala magumu waliyokhitilafiana wanazuoni. Ni maneno ya chungu na sinia. Twataka kusema juu ya chakula cha mwanamke mja mzito: anachokula, anachokatazwa kula, na nani atakayeulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu juu ya kile anachokikosa. Huenda wengine wakasema kuwa haya ni mambo ya wakunga na matabibu, hayafai kuandikwa katika karatasi ya darasa ya dini. Jawabu yetu ni kuwa Qur'ani yenyewe imeyataja. Katika Sura ya Talaq, aya ya 6, waume wameamrishwa kuwalisha wake waliowaacha, ikiwa wana mimba, mpaka wajifungue. Ikiwa mke aliyekwisha kuachwa ana haki hii kwa ajili ya kilichomo tumboni mwake, basi aliye nyumbani mwako, apikaye chakula chako na kufua nguo zako, ana haki kubwa zaidi.

Sababu ya kuandika haya ni safari niliyoifanya mwaka uliopita, katika mwezi wa Shawwal, kwenda Uriri. Asiyepajua na ajue kuwa Uriri ni katika kaunti ya Migori, kusini mwa Nyanza, juu ya njia kuu itokayo Kisii na kupita Rongo na Awendo, ikaendelea mpaka mji wa Migori na mpaka wa Tanzania. Wenyeji wake aghalabu ni Wajaluo, na Waislamu miongoni mwao ni wachache. Ni nchi ya rutuba, lakini sehemu kubwa ya rutuba hiyo imepewa mua. Mua hukaa shambani mwaka mmoja na nusu, pengine miaka 2, kabla ya kukatwa. Na mtu aliyelima mua mpaka mlangoni pake hana budi kununua mahindi, na kunde, na hata mboga, kwa fedha ambazo bado hajalipwa. Basi mgeni apitaye huona majani mabichi kila upande, akadhani kuwa ndani ya kila nyumba mna shibe, kumbe sivyo.

Mwenyeji wetu, mzee mwenye heshima, alituchinjia kuku. Tuliketi mkekani watu 5. Mkaza mwana wake, aliyekuwa na mimba ya miezi 7 hivi, alituletea maji ya kunawa, akapakua ugali na kuku, kisha akarejea jikoni. Nilipotoka kwenda kutawadha nilipita mbele ya mlango wa jiko, nikaiona sahani yake. Palikuwa na ugali, na mboga kidogo, na kando yake kikombe cha chai ya rangi. Sikuona hata kipande cha kuku.

Niliporejea nilimwuliza mwenyeji wangu kwa taratibu: "Mzee wangu, yule binti amewekewa kitoweo?"

Akanijibu kwa ukweli, bila ya kujificha: "Sheikh, kwetu tangu zamani mwanamke hakuwa akila kuku wala yai. Ndivyo tulivyowakuta wazee. Siku hizi wengi wameiacha desturi hiyo, wala mimi sina ugomvi nao. Lakini mama yangu yu hai, na yeye hajaiacha, na jiko ni lake."

Nikaona imenipasa kusema, kwani kunyamaza hapo kungekuwa ni kuikubali. Nikawasimulia kisa kilicho katika Bukhari na Muslim, cha siku Bwana Mtume (s.a.w.) alipoandaliwa nyama ya mnyama aitwaye dhab, naye ni kama kenge wa jangwani. Mtume alipoambiwa ni nyama gani aliurudisha mkono wake. Khalid bin Walid akamwuliza kama ni haramu. Mtume akamjulisha kuwa si haramu, ila mnyama huyo hakuwa wa nchi ya watu wake, na nafsi yake haikumpenda. Basi Khalid akala, na Mtume akimwangalia. Tazameni adabu hii, enyi ndugu. Mtume mwenyewe, ambaye kila nukta ya maisha yake ni mfano kwetu, hakuifanya karaha ya nafsi yake kuwa sharia juu ya mtu mwingine. Basi ni nani sisi, au babu zetu, hata tumwekee mwanamke haramu ambayo Mwenyezi Mungu hakuiweka? Na katika Sura ya Maida, aya ya 87, waumini wamekatazwa wasijiharimishie vitu vizuri walivyohalalishiwa.

Mama yake yule mzee alikuwa ameketi karibu na mlango, anasikiliza. Ni mtu mzima sana, na mwanawe alimfasiria yale asiyoyaelewa. Nilipomaliza alinitazama, akasema: "Mwanangu Sheikh, nimesikia. Wewe watoka kwa Waislamu wa kale. Basi niambie, huko kwenu Mombasa, wake zenu wakiwa na mimba hula vizuri?"

Ndugu zangu, nilikaa kimya. Nilikuwa na maneno mengi juu ya desturi za watu wa Uriri, lakini swali lile lilinirudisha kwetu. Na sababu ya kimya changu nitaieleza hapa, ijapokuwa kuieleza ni aibu kwangu, kwani aibu ya dunia ni nyepesi.

Katika Ramadhani ya mwaka 1435, yaani 2014, kijana mmoja wa mtaa wetu alinijia baada ya darasa ya alasiri. Akasema: "Sheikh, mke wangu ana mimba ya miezi 6. Tangu adhuhuri hushikwa na kizunguzungu, na macho yake huingia giza. Auliza kama yafaa ale." Nami sikumwuliza hata neno moja, wala kama amepimwa damu, wala kama anakula daku, wala tabibu amemwambia nini. Nilimjibu kwa haraka ya mtu anayetaka kuwahi futari: "Mwambie mimba si maradhi. Mama zetu walifunga na wakazaa. Na astahimili." Kijana akanibusu mkono, akaenda zake.

Katika siku ya 19 ya mwezi yule mwanamke alianguka jikoni. Alipofikishwa hospitali ilionekana kuwa damu yake haikufika gramu 7 kwa kipimo ambacho mja mzito hatakiwi kupungukiwa na 11. Akatiwa damu ya watu. Baada ya siku chache alijifungua kabla ya wakati, na mtoto akaishi siku 2. Tulimzika, na mimi nilikuwako makaburini. Tabibu alisema kuwa upungufu ule wa damu ulianza zamani kabla ya Ramadhani. Kwa hiyo sisemi kuwa saumu ndiyo iliyomwua mtoto yule. Elimu ya hayo iko kwa Mola wake. Ninalolijua ni kuwa Mwenyezi Mungu alimfungulia mwanamke yule mlango, naye akaja kuuliza kama mlango u wazi, nami nikamwambia umefungwa.

Na mlango huo umo vitabuni, tena katika vitabu tulivyovisoma tungali vijana. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi na wengineo, kutoka kwa Anas bin Malik al-Ka'bi, naye si yule Anas mtumishi wa Mtume, kwamba Mwenyezi Mungu amemwondolea msafiri nusu ya sala, na amemwondolea msafiri na mja mzito na mnyonyeshaji uzito wa saumu. Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameeleza wazi: mja mzito akikhofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atakula, kisha atalipa siku zake, wala hana fidia. Na akimkhofia mtoto peke yake, atakula, atalipa, na kwa kila siku atatoa kibaba kimoja cha chakula. Haya twayasomesha kila mwaka katika mwezi wa Shaaban. Lakini kuyasomesha ni kitu kimoja, na kumjibu mwanamke mwenye njaa ni kitu kingine.

Basi nilimjibu yule bibi wa Uriri kwa haki: "La, mama. Kwetu pia hawali vizuri. Hatuna desturi ya kuku, lakini tuna zetu." Na hizo zetu ndizo ninazotaka kuzitaja sasa, ili msomaji wa mjini asije akawacheka watu wa bara ilhali kanzu yake mwenyewe imepasuka mgongoni.

La kwanza ni lile neno kwamba mja mzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Hili husemwa katika nyumba zetu kwa sauti ya yakini, kana kwamba limeteremshwa. Halina asili katika Kitabu, wala katika Sunna, wala katika uganga wa kweli. Yai ni katika vyakula bora alivyoumba Mungu kwa mwenye mimba, maadamu limechemshwa au kukaangwa hata likaiva. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya soda na vipande viwili vya keki. Mwenye kumkataza mwanamke yai kwa khofu ya upara amemkosesha mtoto nyama na damu kwa ajili ya nywele.

La pili ni shauri wanalopewa khasa wenye mimba ya kwanza, kwamba wale kidogo ili mtoto awe mdogo na uzazi uwe mwepesi. Mwenye kutoa shauri hili huwa na nia njema, kwa kuwa ameona wanawake wakiteseka katika uchungu. Lakini njaa ya mama haimpunguzi mtoto unene tu, humpunguza nguvu, na mama huufikia uchungu hali amechoka na damu yake imepungua. Nao wataalamu wameona ya kwamba athari zake hazikomi siku ya kuzaliwa. Katika vita vikuu vya pili, majira ya baridi ya 1944 na 1945, watu wa magharibi ya Uholanzi walizuiliwa chakula na majeshi ya Ujarumani mpaka wakafa kwa maelfu. Watoto waliokuwa matumboni mwa mama zao wakati ule walifuatwa na matabibu miaka mingi baadaye, wakaonekana kuwa wengi wao, walipokuwa watu wazima, walipatwa na maradhi ya sukari na ya moyo kuliko wenzao. Tumbo la mama huandika, na maandishi yake husomwa baada ya miaka 50.

La tatu ni kula udongo. Huko Uriri huliwa jiwe laini waliitalo odowa. Nasi hapa Pwani twauza udongo sokoni, umefungwa vizuri, na wanawake wetu huununua bila ya kificho. Mwaka 1998 ilichapishwa khabari ya uchunguzi uliofanywa Kilifi juu ya waja wazito 275. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakila udongo kwa mazoea, na wenye kula udongo walionekana kuwa na damu pungufu na akiba ndogo ya madini ya chuma kuliko wasiokula. Wataalamu hawakukata shauri kama udongo ndio upunguzao damu au kupungua kwa damu ndiko kuletako hamu ya udongo. Lakini kwa vyovyote viwili hamu ile ni alama. Mwanamke akiona nafsi yake yataka udongo, asionewe haya wala asichekwe. Apelekwe akapimwe damu. Na udongo wenyewe mara nyingi huwa na mayai ya minyoo, na baadhi ya unaouzwa umeonekana kuwa na risasi, ambayo ni sumu kwa mtoto. Ama zile Hadithi zinazotajwa vibarazani za kuharimisha kula udongo, mtaalamu mkubwa wa Hadithi, Imam Bayhaqi, amesema kuwa hapana iliyosihi katika hizo. Basi tusimzulie Mtume maneno kwa kutaka kheri. Inatutosha kanuni iliyothibiti katika sharia yetu, kwamba madhara ni ya kuondolewa, na Imam Nawawi na wenziwe wamesema kuwa udongo unaodhuru ni haramu kuliwa.

La nne ni letu sisi watu wa chai. Mwenye mimba ya Mombasa huamka akanywa chai kali kwa mahamri na mbaazi. Mbaazi ni chakula chema, zina madini ya chuma ambayo ndiyo yajengayo damu. Lakini chai inywewapo pamoja na chakula huyazuia madini hayo yasiingie mwilini, hasa yale yatokanayo na nafaka na kunde na mboga. Ndimu na chungwa na embe hufanya kinyume chake, huyasaidia yaingie. Basi dawa yake si ghali: na ale mbaazi zake kwa maji ya ndimu, na chai aiakhirishe muda wa saa moja au zaidi. Hapa hapana gharama iliyoongezeka hata senti, ila desturi imebadilika kidogo.

Na kwa nini damu ikatajwa mno? Kwa sababu katika mimba damu ya mwanamke huongezeka karibu ya nusu ya ile aliyokuwa nayo, ili impe mtoto chakula na pumzi. Asipopata cha kuitengenezea, damu huwa nyepesi kama uji uliotiwa maji mengi. Kisha saa ya kuzaa huja, nayo ni saa ya kutokwa na damu. Mwenye akiba atapungukiwa, na asiye na akiba atakufa. Na huko Nyanza kumezidi malaria, ambayo huharibu damu, ndiyo maana waja wazito wa huko hupewa dawa ya kuikinga na kuhimizwa kulala ndani ya chandarua. Nasi wa Pwani hatukusalimika na maradhi hayo.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani limewausia waja wazito wameze kila siku kidonge chenye miligramu 30 mpaka 60 za madini ya chuma pamoja na mikrogramu 400 za asidi foliki, na katika mwongozo wake wa mwaka 2016 limetaka mja mzito aonane na watu wa afya si chini ya mara 8. Hiyo asidi foliki, iliyomo pia katika mboga za majani na kunde na maharagwe, hukinga uti wa mgongo wa mtoto usiumbike vibaya, na uti huo hufungika katika mwezi wa kwanza wa mimba, pengine kabla ya mwanamke kujua kuwa ana mimba. Kwa hiyo mwenye kutaraji kuzaa asingoje tumbo lionekane. Vidonge hivyo huwachafua wengine roho, na choo huwa cheusi, basi huvitupa na kumwambia muuguzi kuwa wamevimeza. Choo cheusi si dalili ya madhara. Na ambaye moyo wamchafuka, na avimeze pamoja na chakula, au usiku anapotaka kulala, na amwambie muuguzi ukweli.

Tena mjue kuwa tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imewalazimu wenye viwanda kutia madini na vitamini katika unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa na kuuzwa. Unga tunaousaga wenyewe mashineni hauna nyongeza hiyo, basi mwenye kuutegemea na azidishe kitoweo.

Wala msidhani kuwa nawataka masikini wale vyakula vya matajiri. Huko Uriri mwanamke ana omena itokayo ziwani, samaki mdogo aliwaye na mifupa yake, naye ni nyama na ni chokaa ya mifupa ya mtoto. Ana mboga ya mnavu, na mgagani, na mlenda, ambazo huota karibu na nyumba bila ya kulimwa sana. Sisi tuna dagaa, na mchicha, na kisamvu, na kunde, na nazi, na maembe kwa msimu wake. Maini pia ni chakula kikubwa cha damu, ila yasiliwe kila siku na mwenye mimba, kwani wingi wa vitamini iliyomo ndani yake waweza kumdhuru mtoto. Na maziwa yachemshwe kwanza. Mja mzito hahitaji kula chakula cha watu wawili, kama wasemavyo wengine. Ahitaji kuzidisha kidogo, na ahitaji zaidi chakula chake kiwe cha namna nyingi. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Aaraf, aya ya 31, ametuamrisha kula na kunywa na akatukataza israfu. Kuacha kula kumekatazwa na kupita kiasi kumekatazwa.

Sasa nawageukia waume, nami ni mmoja wao. Fiqhi yetu imeiweka nafaka ya mke kwa hesabu: vibaba 2 kwa siku juu ya tajiri, kibaba 1 na nusu juu ya mwenye hali ya kati, na kibaba 1 juu ya masikini, pamoja na kitoweo cha mji, na nyama kwa kadiri ya hali ya mume na desturi ya watu. Kitoweo kimetajwa, ndugu zangu, si nafaka kavu peke yake. Mtu akileta unga nyumbani kisha akaenda kula nyama ya kuchoma mjini na rafiki zake, huyo hakutimiza. Na lau mume ana uwezo akabana, basi Bwana Mtume (s.a.w.) alimruhusu Hind bint Utba kuchukua katika mali ya Abu Sufyan kile kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema, bila ya kumpa khabari. Na alimfunza Saad bin Abi Waqqas kuwa hata tonge amtiayo mkewe kinywani ni sadaka.

Hapa najua atasimama mmoja wetu aliyesoma, aseme: "Sheikh, vitabu vyetu vimesema kuwa gharama ya tabibu na dawa si wajibu juu ya mume." Ni kweli, imeandikwa hivyo, wala sifichi. Lakini waliyoandika hayo waliishi katika zama ambazo dawa ilikuwa ni kitu cha kubahatisha, mtu aweza kuishi umri wake asikihitaji. Nao hao hao wameamrisha kukaa na wake kwa wema, na wema hupimwa kwa yanayojulikana na watu wa zama zao. Leo kila mtu ajua kuwa mja mzito asipopimwa huweza kufa kwa jambo la kuzuilika. Mwenye kuificha nauli ya kliniki chini ya ibara ya kitabu na ajiulize kama mwandishi wa kitabu kile, lau angekuwa hai na binti yake angekuwa na mimba, angeridhika naye. Na katika Sura ya Baqara, aya ya 233, imekatazwa mama kudhurishwa kwa sababu ya mwanawe.

Na nyinyi mavyaa, mama zetu, ambao jiko ni lenu Uriri na Mombasa sawasawa: neno lenu moja lafanya kazi kuliko khutba zangu 10. Mkisema "mpakulie mkaza mwana kwanza", atapakuliwa. Mlizaa kwa taabu na mkastahimili, nasi twawaheshimu kwa hayo. Lakini wako waliostahimili pamoja nanyi, wakafa, nao hawapo leo kutoa ushahidi.

Na sisi waalimu na maimamu, tukiulizwa na mja mzito juu ya saumu, tuulize kwanza kabla ya kujibu: anaonaje, amepimwa lini, tabibu amesemaje. Mwenye siha na damu ya kutosha, na tabibu hakumkataza, na nafsi yake yapenda kufunga, hatumvunji moyo. Na mwenye udhaifu tusimwongezee khofu ya dhambi juu ya khofu ya mauti. Kukubali rukhsa ya Mola ni ibada.

Kumbukeni kisa cha Bibi Maryam katika Sura inayoitwa kwa jina lake, aya ya 23 mpaka 26. Uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, peke yake, amejaa huzuni hata akatamani kufa. Naye alikuwa ni mwanamke wa ibada, aliyelelewa mihrabuni. Katika saa ile hakuamrishwa kuzidisha sala wala saumu ya chakula. Alionyeshwa kijito cha maji chini yake, akaamrishwa kutikisa mtende apate tende mbivu, akaambiwa ale, anywe, na jicho lake litulie. Huyo ndiye Mola wetu, na hivyo ndivyo alivyomtendea mwenye mimba. Watu wetu wengi huchukua katika kisa hiki tende peke yake, wakazifanya kama hirizi. Tende ni njema, lakini aliyezileta alileta na maji, na alileta na maneno ya kumtuliza.

Yule mzee wa Uriri, kabla hatujaondoka, alimwita mkewe akampa paja la kuku lililosalia lipelekwe jikoni. Mama yake alilitazama likipita mbele yake, asiseme neno. Sikuuliza kama liliwa.

Niliporejea Mombasa nilikwenda nyumbani kwa yule kijana, ambaye sasa si kijana tena, na Mungu amewaruzuku watoto wengine. Nilimwambia mbele ya mkewe, naye yuko nyuma ya pazia: "Mwaka ule nilikujibuni bila ya elimu wala huruma. Nilikosea. Naomba mnisamehe." Mume alisema yaliyopita yamepita. Mke alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Sheikh, mimi nimesamehe. Lakini liandike, wapate kulisoma waalimu wengine, asije mwanamke akajibiwa kama nilivyojibiwa."

Nimeliandika. Ewe Mola wetu, usituchukulie kwa tuliyoyasahau na tuliyoyakosea, uwahifadhi waliobeba amana matumboni mwao, na utujaalie tuwe ni wenye kuwalisha kabla ya kujilisha. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.